Maswali mnayoniuliza kila Novemba kuhusu somo la uandishi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mvua za vuli zikiwa zimeanza kulowesha njia ya kutoka stendi hadi bwenini, maswali huwa ni yale yale. Mengine mnaniuliza mlangoni kwa ofisi, mengine mnayatuma kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku, na mengine mnayasingizia watu: "Mwalimu, kuna rafiki yangu anauliza..." Nimeyakusanya hapa. Nafundisha uandishi kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza hapa Moshi, na majibu haya ni yangu, si ya chuo. Ukikuta nimekusema, ujue hata mimi nilipita humo humo.

Mwalimu, Kiswahili nilipata A kidato cha sita. Imekuwaje insha yangu ya kwanza nikapata C?

Hili ndilo linaloongoza, na huulizwa kwa uchungu. A yako ni halali, hakuna aliyeinyang'anya. Ila ulikuwa ukimwandikia mtu mwingine.

Kidato cha sita ulimwandikia msahihishaji. Yule mtu ana mwongozo mezani, majibu anayajua, ana rundo la karatasi linalomsubiri, na anachotafuta ni kama hoja zako sita zipo. Ndiyo maana mlifundishwa kufasili kila neno la swali, kutaja hoja, kuieleza kwa sentensi tatu, kutoa mfano, kuhamia hoja inayofuata, kisha "kwa kuhitimisha". Haukuwa ujinga huo. Ilikuwa namna ya kumrahisishia kazi mtu aliyechoka.

Huku unamwandikia mtu asiyejua. Hana mwongozo. Akipotea kwenye aya ya pili hawezi kukisia ulitaka kusema nini, wala hakuna anayemlipa ili aendelee kusoma. Hoja sita zilizopangwa kama matofali hazimsaidii, kwa sababu hajui kwa nini ni sita, kwa nini hii ikatangulia ile, na zinamhusu nini.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kurasa nane kuhusu umuhimu wa misitu. Nilianza na "wataalamu mbalimbali wamejaribu kufasili", nikaleta fasili tatu, nikasema kila moja ina ubora na udhaifu wake, nikajiona msomi. Mwalimu wangu alinirudishia karatasi ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu kando ya aya ya kwanza: "Unamwambia nani?" Nilinuna wiki nzima. Niliona ananidharau.

Mwisho wa wiki nikapanda Hiace ya kwenda Marangu. Mzee aliyekaa jirani yangu akaniuliza, "Huko chuoni mnasoma nini, mwanangu?" Nikamweleza habari za misitu, njia nzima, bila fasili hata moja. Akawa ananikatiza: kwa hiyo maji ya mfereji wetu yamepungua kwa sababu hiyo? Na ile miti iliyokatwa kule juu, ikipandwa mingine maji yatarudi? Mimi nikawa najibu, nikikosea narudi nyuma, nikiona amekunja uso nabadilisha mfano. Nilipoteremka nikagundua kwamba ile ndiyo insha niliyoshindwa kuiandika. Yule mzee, bila kalamu, alikuwa ameipanga aya kwa aya.

Somo lenyewe lina nini ndani?

Insha nne, kila moja na rasimu zake. Kusomeana kazi darasani. Kaunta buku moja ya kuandika kila siku, ambayo siisahihishi, naiangalia tu kama inajaa. Mwisho wa muhula unakusanya jalada la kazi zako zote, na ndilo linalobeba alama nyingi. Hakuna mtihani wa kukariri.

Somo la aina hii kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza limetokea Marekani. Chuo cha Harvard kililiweka kuwa la lazima mwaka 1885, baada ya walimu kuona kwamba vijana waliopokelewa hawawezi kuandika ukurasa ulionyooka. Kwa hiyo ukimsikia mzee analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika, mvumilie, malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 130. Hapa kwetu mara nyingi somo hili hukaa ndani ya Stadi za Mawasiliano, limebanwa kati ya namna ya kuandika barua ya kazi na namna ya kusimama mbele ya watu.

Nakaa mbele ya karatasi tupu saa nzima. Nianzeje?

Anza vibaya. Sisemi kwa utani. Chukua kaunta buku, weka saa ya simu dakika kumi, kisha igeuze simu kifudifudi. Andika bila kunyanyua kalamu, bila kufuta, bila kurudi juu kusoma. Ukikwama, andika "nimekwama" mpaka ukwamuke. Utaandika upuuzi mwingi, lakini katika dakika ya saba au ya nane kuna sentensi itatoka ambayo hukuwa umeipanga, na hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta kwa saa nzima. Ipigie mstari. Kesho yake anzia hapo.

Utangulizi uandike mwisho. Huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hata wewe hujakutana naye.

Na kuna milango ambayo kwangu imefungwa: "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia", "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa", na "Kwa mujibu wa kamusi". Kamusi naiheshimu sana, lakini msomaji wako anajua maana ya neno "ndoa". Mfasilie neno pale tu unapolitumia kwa maana ambayo hakuitegemea.

Unasema "hoja kuu" kila siku. Ni kitu gani hasa?

Ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa. Ukisema "elimu ni muhimu", nani atakubishia? Kama hakuna wa kubisha, hujasema kitu. Umesalimia tu.

Binti mmoja aliniletea insha kuhusu mitumba. Ilianza hivi: "Biashara ya mitumba ina umuhimu mkubwa sana katika jamii kwani inasaidia kuinua uchumi wa watu mbalimbali na kutatua suala zima la ajira kwa vijana." (Hilo "suala zima la" naomba mliache. Sijawahi kukutana na suala nusu.) Nikamwuliza, hiyo biashara umewahi kuiona kwa karibu? Akacheka. Kumbe mama yake mdogo ana meza pale soko la Memorial, hapa Moshi, na yeye likizo zote kazi yake ilikuwa kupiga mashati pasi.

Basi nisimulie, nikamwambia. Akaanza. Belo linakuja limekazwa kwa mikanda. Huruhusiwi kulipasua kabla hujalipa. Unatoa hela yote, unakata mkanda, ndipo unapojua kama umepata mashati ya kuuza au umepata kola zilizolika na suruali za watu wa kimo ambacho hapa Moshi hakipo. Siku ya kufungua belo mama mdogo hanywi chai, tumbo linakataa. Belo likiwa bovu, yeye ndiye anayejua atawaambia nini wanawe kuhusu ada.

"Hayo mbona hayamo kwenye karatasi?"

"Mwalimu, hayo si ya kitaaluma."

Nusu ya muhula wangu huishia kupambana na sentensi hiyo. Nilimwambia akayaandike kwanza, halafu ajiulize yanathibitisha nini. Wiki iliyofuata alirudi na hoja: anayeuza mitumba hanunui nguo, ananunua bahati, na hasara ya bahati mbaya huibeba mwenye meza peke yake, kwa sababu aliyemuuzia belo ameshalipwa kabla mkanda haujakatwa. Hapo kuna la kubishana. Mwenye ghala la mabelo anaweza kuja na majibu yake: kwamba hata yeye hajui kilichomo, kwamba belo zuri mwenye meza hamrudishii faida. Binti ikabidi ayapime majibu hayo, na insha ikapata uti wa mgongo. Hoja zake hazikufika sita. Zilikuwa mbili na nusu, na zilitosha.

Kwa nini rasimu tatu? Mtu akiandika vizuri mara ya kwanza je?

Bado sijakutana naye. Na wengi mnaoniletea rasimu ya pili mnaniletea ile ya kwanza iliyonawishwa uso: herufi kubwa zimewekwa, koma zimeongezwa, "masaa" yamekuwa "saa". Huko ni kusafisha, na kusafisha kuna siku yake. Kuandika upya ni kukubali kwamba aya ya kwanza uliyoihangaikia siku mbili ilikuwa ngazi ya kupandia tu, na nyumba ikishakamilika ngazi haiachwi sebuleni. Ni kuona kwamba insha yako inaanzia ukurasa wa tatu. Inauma. Wanaokata aya zao bila kuumia mimi huwaogopa kidogo.

Mfano ninaoutumia kila mwaka ni wa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, ikiitwa Julius Caesar. Mtu mwingine angeridhika; kitabu kimetoka, jina lipo juu. Yeye aliirudia kazi ile ile, akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 ikiwa Juliasi Kaizari. Hata jina la kitabu lilibadilika. Sasa hesabu yaliyokuwa katikati ya miaka hiyo: maasi ya jeshi, Muungano, Azimio la Arusha. Rais mwenye mambo yote hayo mezani alipata nafasi ya kurudi kwenye sentensi alizokwisha kuzichapa. Wewe una vipindi vitano kwa wiki, unaniambia ratiba imebana.

Utaratibu wangu wa rasimu si sheria, ila unafanya kazi. Ya kwanza ni yako mwenyewe, ya kujua unachofikiri, usimwonyeshe mtu. Ya pili mwandikie yule mzee wa Hiace. Ya tatu isome kwa sauti, umesimama, mlango umefunga ukiona aibu. Ulimi utajikwaa palipo na kasoro kabla jicho halijaiona. Sentensi inayokuishia pumzi kabla ya nukta ni sentensi mbili.

Mwenzangu naye ni mwaka wa kwanza. Anajua nini hadi aisome kazi yangu?

Hajui, na ndiyo faida yake. Mimi nikisoma insha yako najazia mapengo bila kutaka, maana nimeshasoma mia za namna hiyo. Yeye ataanguka ndani ya pengo.

Tatizo letu kwenye kusomeana ni adabu. Tumelelewa tusimkosoe mtu usoni, basi karatasi zinarudi zimeandikwa "nzuri sana, endelea hivyo hivyo". Ni uungwana, lakini haumsaidii mwenzako. Nimewakataza kusema "nzuri" na nimewakataza kusema "mbaya". Wewe si hakimu, ni msomaji. Toa taarifa ya safari tu. Hapa nilielewa. Hapa nilisoma mara mbili. Hapa nilianza kuwaza chakula cha mchana. Nilidhani utaniambia habari ya ada, hukuniambia. Taarifa za hivyo hazimvunji mtu heshima, na zina kazi kuliko marekebisho ya koma.

Nawe unaposomewa, funga mdomo. Ukianza na "nilichomaanisha hapo ni...", umekiri kwamba hakikuandikwa. Kachukue kalamu ukiandike.

Karatasi yangu imerudi nyekundu yote. Nianzie wapi?

Isome mara moja, iweke chini ya godoro, lala. Kesho tafuta maoni yanayogusa hoja na mpangilio, hayo kwanza. Tahajia za aya utakayoifuta usihangaike nazo.

Nifikiri kwa Kiswahili niandike Kiingereza, au vipi? Na Kichaga changu nikiweke wapi?

Shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza, nyumbani bibi anazungumza Kivunjo au Kirombo, au Kimeru kwa wale mnaotoka upande wa Arusha. Watu husema hiyo ni shida. Mimi naona ni ghala, mradi ujue funguo zipo wapi.

Masomo mengine unayaandika kwa Kiingereza, hilo sina uwezo nalo. Ushauri wangu: rasimu ya kwanza iandike kwa lugha unayogombania, ile inayokutoka ukikanyagwa kwenye daladala. Fikra ikishasimama, iandike upya kwa lugha inayotakiwa. Nimesema iandike upya. Ukitafsiri neno kwa neno utapata Kiingereza kilichovaa kanga, na ukifanya kinyume chake utapata Kiswahili kilichovaa tai. "Mwisho wa siku" na "kuchukua nafasi hii" vimeingia kwa mlango huo, na sasa havitoki.

Kuhusu maneno ya nyumbani, yatumie, ila umkumbuke mgeni. Kijana mmoja wa Kibosho aliandika habari za mgogoro wa mpaka kati ya baba zake wawili, mkubwa na mdogo, na jinsi mkosaji "alivyopeleka sale" ndipo wakapatana. Mwenzake wa kutoka Lindi alipoisoma akaandika kando: "Nafikiri ulikusudia sare. Sare za shule au za harusi?" Darasa lilivunjika mbavu. Lakini yule wa Lindi hakuwa na kosa. Kwake yeye sale haipo. Kwa Mchaga ni mmea unaopandwa mpakani, na jani lake ndilo anayeomba msamaha huenda nalo. Kulikataa ni jambo zito. Yote hayo yalikuwa kichwani kwa mwandishi, hayakuteremka kwenye karatasi.

Katika rasimu ya pili hakuongeza fasili, nashukuru. Alionyesha yule mkosaji akilikata jani kwenye ua wa kihamba asubuhi na mapema, akilifunga fundo, akivuka nalo hadi mlango wa pili bila kusema neno. Wa Lindi akaelewa bila kuambiwa. Na kihamba nacho alikieleza njiani tu: shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee mahali pamoja. Maneno machache hayo yalieleza pia kwa nini ndugu wanaweza kugombania hatua mbili za ardhi kwa miaka kumi.

Kuna makosa yanayokuudhi?

Yapo, na mengi ni ya watu wazima, hata redioni. "Aidha" maana yake ni "pia", "tena"; ukitaka kuchagua kati ya mambo mawili sema "ama". "Swala" anakimbia Serengeti au inaswaliwa msikitini; la kujadiliwa ni "suala". Kazi unaiwasilisha, huiwakilishi, labda kama kazi imekutuma mkutanoni. "Ambapo" si gundi ya kuunganishia sentensi zisizojuana. Na "zoezi la": zoezi la usafi, zoezi la uandikishaji, zoezi la mazishi nimelisikia kwa masikio yangu.

Kwa haya kuna kamusi, na kuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo kazi yake tangu 1967 ni kusimamia lugha hii. Hayachukui alama nyingi kwangu. Yananiudhi tu.

Nisome nini ili mtindo wangu ukue?

Soma chochote kilichoandikwa na mtu aliyekuwa na haja ya kueleweka. Ukifika Arusha, ni kama kilomita 80 tu, pita Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa mwenge. Halafu litafute Azimio lenyewe, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, ulisome kama kazi ya uandishi. Siasa yake iweke kando kwa nusu saa, uipende au usiipende.

Angalia sehemu inayozungumzia unyonge. Imesimama juu ya vitenzi vitatu: kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa. Vinatajwa, vinarudiwa, kisha vinageuzwa kwa kukanusha, yasitokee tena. Vyote vitatu viko katika kauli ya kutendwa, ile ile ninayowapigia kelele. Sasa linganisha na barua za ofisini: "imeonekana kuwa ni vyema ikafanyika tathmini". Nani ameona? Nani atafanya? Hakuna mtu ndani ya sentensi, imefungwa kama ofisi siku ya Jumapili. Kwenye Azimio kitenzi kinaanza na "tu-". Tumefanywa hivi. Msomaji yuko ndani ya kitenzi, yeye ndiye aliyetendwa, na anamjua aliyemtenda hata kama hakutajwa. Kauli ni moja, matumizi mawili, kwa sababu mwandishi mmoja alijua anamwambia nani.

Nikishawaonyesha hilo, nawatuma mkakusanye barua za matangazo ya mtaani, za mahudhurio ya kikao, za kukatiwa maji. Utajifunza mengi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, mazuri na ya kuchekesha.

Nikinakili kidogo bila kutaja nilikotoa, kuna ubaya gani? Na akili mnemba je?

Tuanze na kunakili. Wanachuo wawili waliandika kuhusu kahawa ya Kilimanjaro. Mmoja alisema ushirika wa wakulima ulianza 1925, mwingine 1933. Wote walikuwa wamekopi mahali, hakuna aliyetaja wapi, na kila mmoja alidhani mwenzake amekosea. Wangefuata nyayo za tarehe zao wangegundua kwamba wote wako sawa: 1925 ni KNPA, chama cha wakulima wenyewe, na 1933 ni KNCU, muungano wa vyama vya ushirika uliochukua nafasi yake. Na swali zuri la insha lilikuwa limelala katikati ya miaka hiyo minane: kwa nini cha kwanza kikaondolewa, nani alitaka kiondoke? Kutaja chanzo si adhabu niliyowatungia. Ni uzi wa kurudi nao ulikotoka, na aghalabu njiani ndipo pana hoja.

Madesa, yaani kazi za kunakili, yapo tangu zamani. Kabla ya akili mnemba kulikuwa na steshenari moja, siitaji, yenye insha za miaka mitatu kwenye kompyuta, unalipia kopi na jina lako linabandikwa juu. Nilipata kusahihisha insha moja mara tatu, kila mwaka na mwenye mpya, na mara ya tatu ilikuwa bado na kosa nililoliwekea alama mara ya kwanza.

Akili mnemba imekuja na ulaini zaidi. Muhula uliopita nilipata insha nne kuhusu kahawa zilizoanza karibu sawa, zimenyooka, hazina kosa la tahajia, na katika zote nne hapakuwa na mtu hata mmoja anayechuma kahawa. Hapakuwa na baba anayefikiria kung'oa mibuni apande parachichi. Sentensi zilikuwa za Kiswahili lakini mwendo ulikuwa wa Kiingereza. Nikaandika kwa nyekundu yale maneno mawili ya mwalimu wangu, "Unamwambia nani?", nikawaita mmoja mmoja. Watatu kati yao kwao kuna kahawa.

Sikatazi kuiuliza maneno, au kuiambia ikupinge hoja yako. Kwa hilo hutumika kama yule mwenye ghala la mabelo. Lakini rasimu ya kwanza ndiyo mahali unapojua unachofikiri. Ukiigawa hiyo, umelipia somo ambalo mwingine amelisoma.

Sina laptop.

Huhitaji. Kaunta buku na kalamu kwa rasimu mbili za kwanza, halafu maktaba au simu kwa ile ya mwisho. Jitumie nakala kwa barua pepe kila jioni. Mimi nilipoteza insha nzima kwenye fleshi iliyopata virusi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na hakuna aliyenionea huruma.

Nasomea uhasibu. Insha za nini?

Mwenzako wa uuguzi aliniuliza hivyo hivyo, nikamwomba aniandikie anachokiandika mwisho wa zamu. Akaandika: "Mgonjwa anaendelea vizuri." Nikamwuliza, muuguzi wa usiku, ambaye hakuwepo mchana, atafanya nini na sentensi hiyo? Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuorodhesha: amekunywa uji nusu kikombe, homa imeshuka tangu saa nane, kidonda kimebadilishwa bandeji, anakataa kugeuzwa ubavu wa kushoto. Nawe siku moja utaandika ripoti kwa bodi ambayo haikuwepo hela zilipopotea.

Tena, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Miaka mingi ya kuhesabu mizigo haikumzuia.

Nitajuaje kama nimekua?

Si kwa alama peke yake. Wiki ya mwisho huwa nawarudishia insha ya kwanza kabisa, safi, bila wino wangu, niliyoitoa kopi Novemba nikaihifadhi kwenye bahasha. Nawapa kalamu nyekundu. Wengine huguna, wengine huomba kutoka nje. Mwaka jana kijana mmoja, aliyekuwa akibishana nami muhula mzima kuhusu hoja sita, alisoma ukurasa wake wa kwanza, akakata aya tatu bila kusita, akaweka mshale kwenye sentensi moja katikati ya ukurasa wa pili, kisha akainua mkono kuuliza kama anaweza kuiandika tena. Nikamwambia alama zimeshafungwa. Akasema anajua.

Aliileta Januari, kurasa tatu, kuhusu baba yake na pikipiki ya mkopo.

Ofisi yako iko wazi lini?

Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi mchana. Njoo na karatasi, si simu. Macho yangu yamechoka. Usije na "Mwalimu, iko sawa?" Njoo umepigia mstari sentensi moja inayokusumbua, tuanzie hapo. Ukikuta mlango umefungwa nipo kantini, meza ya karibu na dirisha, na chai unajinunulia.